MWACHENI MSHANGAZI WA KAHAMA NA NUSU KILO YAKE!

Kuna picha imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Kahama mjini, ikapanda Shinyanga, ikavuka mpaka Geita na Katoro. Wengi mmeiona, na baadhi yenu ndio mliyoisambaza. Kwenye hiyo picha hakuna utupu, hakuna ngumi, hakuna mume wa mtu aliyefumaniwa gesti. Kuna mizani ya famasi, miguu miwili pekupeku, na namba 84.4.

Basi. Hiyo ndiyo skendo yenyewe.

Mwenye miguu ni mama mmoja wa Kahama, jina kapuni kwa sababu hajawahi kuomba ustaa. Ana miaka 47, anauza mchele kwa jumla, ana watoto wanne na mjukuu mmoja. Kila Jumamosi asubuhi kabla hajanywa chai anapanda mizani ileile, anapiga picha, anaweka kwenye stetasi na kwenye ukurasa wake wa Insta wenye wafuasi hawafiki mia tatu. Alianza na kilo 96. Picha iliyovuja ni ya wiki ya 31. Hauzi dawa, hauzi mkanda wa tumbo, haandiki "njoo inboksi". Anaweka namba, anaandika mstari mmoja, anaenda dukani.

Ukurasa mmoja wa udaku wenye maelfu ya wafuasi ukaichukua ile skrinishoti na kuandika: "Mashangazi wa Kahama wanaisha mmoja mmoja." Ikawa sherehe. "Huyo kakanyaga miwaya." "Duara limekata, hiyo njaa." "Bibi tulia ulee wajukuu." Na ile iliyopata laiki nyingi kuliko zote: "Miezi saba yote kilo 11? Dada yangu katoa 12 kwa wiki mbili na chai."

Watu mnacheka, mnaweka emoji za machozi, mnapitiliza kwenye video nyingine. Huko Kahama mambo yakaendelea. Binti yake anayesoma chuo Mwanza akaanza kuulizwa na wenzake kama mama anaumwa. Na wenzake wa kikoba wakaanza kunong'onezana nani atabeba mkopo wake "likitokea la kutokea". Mtu aliyeamua kuutunza mwili wake ili aishi, ghafla anahesabiwa kama marehemu mtarajiwa ambaye anadaiwa.

Sasa yaje moja moja.

Hili la miwaya ndilo chafu kuliko yote. Lina historia, na haisaidii kujifanya halina. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, hapo tu jirani na mkoa wa Geita wa leo. Upande wa Uganda ugonjwa uliitwa "slim", yaani wembamba. Kagera wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinavuka mpaka kwa magendo. Wazazi wa ukanda huu waliona watu wakikonda hadi kufa kabla dawa hazijafika. Kwa hiyo bibi wa miaka 70 akiona mtu anapungua na moyo ukamruka, anaeleweka. Alizika watu.

Wewe wa miaka 23 mwenye bando la wiki unasingizia nini? Dawa za kufubaza virusi zipo na zinatolewa bure, na mtu anayezitumia vizuri anaishi, anazaa, ananenepa kama kawaida. Tena ukweli umekaa kinyume kabisa na umbea wenu: utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kutoka mwaka 2019 ulionyesha wanaotumia dawa za kizazi kipya wanaongezeka uzito, wanawake zaidi. Kwa hiyo kumpima mtu virusi kwa kuangalia mashavu kwenye picha hakujawahi kuwa akili, na siku hizi hata kubahatisha si kubahatisha tena.

Kuna kitu kimoja tu cha kweli humo ndani. Mtu akipungua bila kukusudia, hali vizuri au anakula lakini mwili unakimbia tu, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali haraka. Inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa sukari, na kwenye ukanda wa machimbo wenye vumbi la mawe kifua si cha kuchezea. Lakini huyu mama anapungua kwa makusudi na anaonyesha hesabu kila wiki! Mgonjwa gani anatangaza ratiba?

La njaa na duara kukata ni la kiutamaduni zaidi. Usukumani na machimboni kote, salamu ya heshima kwa mtu mzima ni "aisee umenenepa". Ukiambiwa "umekonda, kulikoni?" ujue umeshapewa pole ya kufilisika. Kitambi cha tajiri wa dhahabu kinasomwa kama salio la benki. Mwanamke akipungua, mumewe anaulizwa kama bado anahudumia.

Hapo kuna kichekesho ambacho watu wa Geita wanakiishi kila siku bila kukiona. Nendeni kwenye soko la dhahabu. Tangu masoko haya yaanze kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa, kila chembe inapita kwenye mizani. Feni inazimwa upepo usidanganye. Mnunuzi anainama, muuzaji anainama, wote wawili wanakodolea macho pointi moja ya gramu kana kwamba ni mtoto mchanga. Ikipungua pointi, ugomvi. Mzee yuleyule akitoka hapo anapanda gari lake na kitambi kinagusa usukani, na ukimuuliza ana kilo ngapi anakujibu "kama tisini hivi". Ana mia na kumi na nane. Mara ya mwisho kupimwa ni wakati anaomba leseni.

Kuna mdosi mmoja wa Geita, naye kapuni, anayejulikana kwa kumwaga bia na kitimoto kila Ijumaa mpaka vijana wakamtungia jina. Mwaka jana alianguka kwenye kikao cha harusi, presha. Amerudi, anatembea na fimbo, bado kitambi kiko palepale na bado hakuna hata mmoja wenu aliyeandika komenti ya kumcheka. Yeye ni "don". Mama wa mchele anayejipima ndiye anayechekwa. Takwimu za kitaifa za mwaka 2012 zilionyesha karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Tanzania ana shinikizo la juu la damu, na takriban 9 katika 100 wana sukari. Hao ni baba zenu na shangazi zenu, na mwaka 2012 ni zamani.

Haya, tuje kwa dada wa chai, maana huyo ndiye mwenye biashara hapa.

Mrembo mmoja maarufu, wa Dar lakini siku hizi anaonekana sana kwenye hoteli za Kahama na Geita kwa sababu pesa iko huku, anauza paketi la chai la siku 14. Ahadi: kilo 10. Kwenye picha ya "kabla" amesimama kwenye mwanga hafifu, tumbo limeachiwa, nywele timutimu. Kwenye "baada" kuna kosti, kuna lipstiki, kuna pumzi iliyobanwa. Wamama wa miaka 45 na 50 wanapanga foleni na pesa mkononi.

Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kalori 7,700. Kilo 10 ni kalori 77,000. Gawanya kwa siku 14, unapata 5,500 kwa siku. Mwanamke wa kawaida mwenye umri wa makamo, anayekaa dukani na kufanya kazi za nyumbani, anatumia kama 2,000 au 2,500 hivi kwa siku nzima. Maana yake hata akilala siku 14 bila kuweka kitu mdomoni, hata maji ya ndimu, kilo 10 za mafuta haziwezi kutoka. Haziwezi. Huo si mjadala wa "kila mwili uko tofauti", ni hesabu ya darasa la sita.

Sasa mbona mizani inashuka kweli? Inashuka kwa sababu chai nyingi za aina hiyo duniani zina sana, majani ya kuharisha. Unatoa maji na uchafu, mizani inakupa kilo tatu au nne, unashangilia, unapiga picha ya ushuhuda. Ukirudi kula kama binadamu zinarudi zote ndani ya wiki. Na kuna hatari mbaya zaidi. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na bado mamlaka za dawa za nje zimekuwa zikiikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa "asili tupu". Mtu wa miaka 50 mwenye presha asiyoijua anakunywa hicho kitu kwa imani ya picha ya lipstiki.

Hata matajiri wa dunia wameingia mkenge huu. Mwaka 1988 Oprah Winfrey aliburuta jukwaani kigari kilichojaa mafuta ya mnyama, karibu kilo 30, kuonyesha alichopunguza kwa kunywa vimiminika tu. Marekani nzima ikapiga makofi. Uzito ukaanza kurudi ndani ya siku chache, na yeye mwenyewe amelisimulia hilo mara nyingi. Ana wapishi, ana madaktari, ana pesa zote, na njia ya mkato ilimgomea. Dada yenu wa kilo 12 kwa wiki mbili, mtafuteni baada ya mwezi mumuombe picha ya mizani. Ya mizani, siyo ya kioo.

Mama wa Kahama yeye amepunguza kilo 11.6 kwa wiki 31. Hiyo ni gramu kama 370 kwa wiki. Mnaona ndogo? Madaktari wengi wanapendekeza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kuwa ndiyo kasi ya juu ya kistaarabu, na kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi kuwa chini kidogo ya hapo ni kawaida kabisa. Kwa uzito aliokuwa nao, 11.6 ni asilimia 12 ya mwili wake. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, ulitoka mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200, wastani wa umri miaka 51. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kati ya wote, waliofaidika zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea, kwao ilishuka kwa 71. Hao mnaowaambia walee wajukuu.

Na hapo ndipo kauli ya "umri umeenda" inapokufa. Mwaka 2021 lilitoka chapisho la wanasayansi waliopima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku nane mpaka wazee wa miaka 95. Walikuta mwili unachoma nishati kwa kiwango kilekile kati ya miaka 20 na 60. Yaani ile "nikifika arobaini mwili uligoma" siyo injini iliyogoma. Kinachobadilika ni misuli inayopungua taratibu kuanzia thelathini na kitu, usingizi unaokuwa mbovu, homoni zinazohamishia mafuta tumboni kwa mwanamke, na maisha yenyewe: mtu aliyekuwa anatembea kwenda sokoni sasa anapanda boda kwa mita mia tatu, na pesa ya soda haipo tena kwenye hesabu. Soda moja ya kola ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari. Wapo wanaokunywa tatu kwa siku dukani, za kukaribishia wateja.

Ndugu za mazoezi nao wasitabasamu sana. Wahadzabe wa Eyasi, majirani kabisa na Usukuma, walipimwa na matokeo yakatoka mwaka 2012. Wanatembea kilomita nyingi kila siku kuwinda na kuchimba mizizi, lakini nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya Mmarekani wa ofisini. Mwili una ujanja wa kubana matumizi. Kwa hiyo ile mbio ya Jumamosi moja ya kupigia selfi uwanja wa Kambarage halafu supu ya kongoro na chapati nne haimpunguzi mtu. Itakupa afya ya moyo, usiiache. Lakini sahani ndiyo inayopunguza.

Serikali yenyewe ilishajaribu kusukuma. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Wiki za mwanzo wakuu wa mikoa walikimbia na traki mpya mbele ya kamera. Leo ulizia mtaani kwako Jumamosi ya pili kuna nini. Kuna usafi wa gari na supu.

Ukisoma stetasi za huyu mama mfululizo, hamna muujiza. Ugali aliukata nusu, akaongeza mlenda na mboga za majani. Sato wa kuchemsha badala ya wa kukaanga. Chai kijiko kimoja badala ya vitatu, na hiyo aliandika ilimuuma kuliko ugali. Soda aliacha isipokuwa kwenye sherehe. Michembe hakuiacha, alisema hawezi kuishi kama siyo Msukuma. Anatembea dakika 40 alfajiri na wenzake wawili, watatu jumla, kwa sababu peke yake kuna mbwa na kuna vibaka. Mmoja akichelewa wanamgongea geti. Hapo ndipo ilipo siri ya wiki 31, kama kuna siri: mtu anayekugongea geti.

Na namba zake si za kushuka tu. Kati ya wiki 31, wiki tisa mizani ilipanda. Zote aliziweka. "90.3, nimerudi nyuma, msiba wa Isaka." "88.9, sijui kwa nini, nimefuata kila kitu." Hakuna mrembo wa chai aliyewahi kuposti wiki mbaya. Chumvi nyingi inashika maji, hedhi inashika maji, ugali wa usiku bado uko tumboni asubuhi. Kilo moja kwenda juu au chini haina maana yoyote peke yake. Ndiyo maana anapima siku ileile, saa ileile, mizani ileile, na mwisho wa mwezi anaangalia wastani wa wiki nne. Mwezi ambao mizani iligoma kabisa, fundi cherehani alimpima kiuno kwa futi na kukuta sentimita nne zimekwenda. Kwa mwanamke, hatari inaanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80, kwa mwanaume 94. Mwambieni na yule don wa Geita akaazime futi.

Marekani kuna daftari la watu waliopunguza uzito mkubwa na kukaa nao, lilianzishwa mwaka 1994. Wengi wao wana tabia moja inayofanana: wanapanda mizani angalau mara moja kwa wiki, miaka mingi baada ya kupungua. Mama muuza mchele aligundua hilo mwenyewe, bila semina ya hoteli na bila tiketi ya VIP.

Kwa hiyo mlichofanya ni kumchukua mtu pekee kwenye mtandao mzima wa kanda hii anayeonyesha kazi halisi inavyoonekana, mkamvua nguo mbele ya binti yake na wanakikoba wenzake, halafu mkaenda kulaiki video ya muuza majani ya kuharisha. Mwenye ule ukurasa wa udaku ana mama. Mama yake ana miaka 52 na anatumia dawa za presha, aliwahi kuliandika mwenyewe akiomba maombi. Hakuna aliyemjibu kwa emoji za kicheko.

Jumamosi iliyofuata baada ya picha kuvuja, stetasi ya mama wa Kahama ilikuwa tupu. Wenzake walimgongea geti, hakutoka. Jumamosi ya pili vilevile, tupu.

Ya tatu ilikuwa juzi. Saa moja kasoro asubuhi, mizani ileile, miguu ileile: 85.7. Imepanda kilo 1.3. Chini yake ameandika: "Sikutembea wiki mbili, na pilau la harusi nilirudia. Jumatatu naanza na Mama Neema na mwenzake. Mchele mpya umeingia."